Gauni la Kukatia

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba usinicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo lenyewe ukilisikia juu juu utadhani ni la kitambaa tu, na mimi mwenyewe kwa wiki tatu nimekuwa nikijiambia hivyo hivyo, kwamba ni la kitambaa tu.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na mitatu, karani wa masijala katika ofisi moja ya umma, bado niko kwenye miezi ya majaribio. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzipa namba, kuzitia kwenye majalada na, kwa kuwa nilisoma lugha nikafaulu vizuri, kuzisahihisha barua za wengine kabla hazijatoka, na nitakuambia ukweli kwamba hiyo kazi ya kusahihisha naipenda kupita kiasi, hata nikiona koma imekaa vibaya kwenye tangazo la mlangoni siwezi kupita bila kuitazama mara mbili. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mkuu wangu wa kazi ana dada yake, mkunga mstaafu, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaoshona kwa kujitolea. Kila Jumamosi asubuhi hukutana kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, chenye meza mbili ndefu, cherehani nne na kabati moja la chuma, wakashona mablanketi ya viraka na magauni madogo ya wodi ya watoto njiti, yaani wale wanaozaliwa kabla ya miezi kutimia. Mkuu wangu aliniambia, "Wewe binti ukiendelea kukaa na majalada utaota ukungu, nenda ukashone na watu." Nikaenda, ingawa nilichokijua wakati huo ni kushikiza kifungo tu, na nikapokewa vizuri kuliko nilivyostahili.

Aliyenipokea zaidi ni bibi mmoja wa miaka sabini na minne ambaye ndiye mtunza kabati, anaitwa Bibi Kabati na jina hilo analipenda. Alinikalisha pembeni yake akanifundisha kupiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikilia kitambaa kwa muda, na nilipomwonyesha kazi yangu ya kwanza aliiinua kwenye mwanga akauliza, "Huu mshono, mjukuu wangu, umekunywa nini?" Meza nzima ilicheka na mimi nikacheka, na tangu siku hiyo nikawa mjukuu wake kweli. Akikosa kuniona Jumamosi moja hunipigia simu kuuliza kama naumwa.

Sasa Jumamosi moja Bibi Kabati aliniomba nimwandikie upya lebo za mifuko ya kabatini, kwa kuwa mkono wake umeanza kutetemeka na mwandiko wangu, alisema, ni kama wa kitabu. Mifuko ilikuwa kumi na kitu, ya vifungo, ya lastiki, ya bitana, ya vitambaa vya kukata, na kila mmoja ulibandikwa kikaratasi chake cha zamani. Kwenye mfuko mmoja mdogo alikuwa ameandika "gauni la kukatia". Mshauri, nilikitazama kikaratasi hicho nikatabasamu. Nikasema moyoni, maskini bibi wa watu, kalamu imemteleza, ameongeza herufi, mfuko wa jirani unasema "vya kukata" basi na hili ni gauni la kukata. Sikumuuliza, kwa kuwa niliona kumuuliza ni kumwaibisha mtu mzima. Nikaandika kwa herufi kubwa na nzuri GAUNI LA KUKATA, na kile kikaratasi chake nikakikunja nikakitupa.

Jumamosi iliyofuata Bibi alikwenda kliniki kwa ajili ya goti lake, na mimi nilikuwa namalizia blanketi ambalo lilipungukiwa viraka vitano. Nikafungua kabati, nikaona lebo yangu mwenyewe, nikautoa mfuko. Ndani mlikuwa na gauni dogo la kumtosha mwanasesere, la rangi ya maziwa lenye nukta za buluu, limepauka, ubavu mmoja uko wazi wote, mkono mmoja mpana kuliko mwenzake, na kingo zake zimejaa vumbi la chaki. Nilidhani ni gauni lililoharibika mtu akalitupia kwenye viraka. Nikalikata. Vilitoka viraka vitano kamili na nikajipongeza kwa kutopoteza hata kipande, nikavishona, na Jumatatu blanketi likaenda wodini na mengine, na ule mfuko mtupu nikauweka kwenye takataka.

Wiki moja baadaye wodi iliomba magauni kumi na mawili. Mkunga akapiga makofi mawili kama kawaida yake akasema, "Haya, jamani. Bibi Kabati, tupe gauni la kukatia."

La kukatia. Niliisikia ile herufi ikipita kwenye chumba kama nzi. Nikamuuliza mwenzangu wa meza kwa sauti ya chini, na akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto kwamba ni gauni unalolilaza juu ya kitambaa kipya, ukalizungushia chaki, ukakata kwa kulifuata. Bibi na Mkunga walilitengeneza miaka kumi na minne iliyopita, wakilirekebisha wodini kwa vipimo vya watoto wenyewe. Ubavu uko wazi ili mipira ya dripu na ya kupumulia ipite, na mkono mmoja ni mpana ili mtoto mwenye sindano mkononi avikwe bila kuguswa. Hawakati kamwe kwa kufuata nakala, kwa sababu kila nakala inaongezeka unene wa chaki, na ukifuata nakala ya nakala, gauni la njiti mwishowe litamtosha mtoto anayetambaa.

Wakati naelezwa hayo, Bibi alikuwa anapekua kabati. Alitoa mifuko yote akairudisha, akaitoa tena.

"Liko hapa hapa," alisema. "Rafu ya pili, kushoto. Siku zote liko hapa."

"Hukulipeleka nyumbani, Bibi?" Mkunga aliuliza.

"Nilipeleke nyumbani nikamvalishe nani?"

Watu wakacheka kidogo. Kisha mmoja wetu, fundi wa vifungo, mtu wa utani sana, akasema, "Bibi, jipapase kichwani kwanza. Mwezi uliopita tulitafuta miwani nusu saa, ikawa iko utosini." Safari hii chumba kizima kiliangua kicheko, na Bibi akacheka nao, na mkono wake ukapanda kweli mpaka kichwani, akapapasa. Halafu akaacha kucheka.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake nikiwa na mkasi mkononi na sikusema neno.

Ningesema siku hiyo ingekuwa aibu ya dakika tano. Sasa sikiliza ilivyokuwa. Jumamosi iliyofuata Bibi alikuja na habari kwamba amepekua nyumba yake yote, chini ya godoro, ndani ya debe la unga, hata kwenye tangi la maji. Ameanza kujiandikia kiganjani kwa kalamu, nimeona kwa macho yangu, "jiko nimezima", "mlango nimefunga", na anakitazama kiganja chake kama mtu asiyeamini anachokisoma. Mtoto wake wa kiume, fundi umeme anayeishi mji mwingine, amesikia habari za gauni na za miwani akaziunganisha, na ameamua kuja kumchukua akaishi naye, Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, siku kumi na mbili kuanzia leo. Cherehani haitakwenda, mtoto amesema mtu ambaye kumbukumbu zinamtoka asishike mashine yenye sindano. Na Bibi, ambaye zamani angemrukia mtoto huyo kama kuku mwenye vifaranga, amesema, "Sawa, baba, nyinyi ndio mnaoona."

Jumamosi iliyopita aliniita pembeni akanipa ufunguo wa kabati. Alisema, "Shika wewe, mjukuu wangu. Kichwa chako bado kizima."

Mshauri, ufunguo huo uko mbele yangu hapa ninapoandika. Nimewaza njia nyingi. Iliyo bora naona ni hii, nitafute kitambaa kinachofanana, nishone gauni jingine kama lile, nilipakaze chaki, nilitie kwenye mfuko unaofanana na ule nilioutupa na kulificha nyuma kabisa ya rafu ya pili, kisha siku moja nijifanye nimeliona, na kila mtu afurahi. Au niandike barua isiyo na jina? Au niseme kweli, na nikisema nianze na nani, nitumie maneno gani ili wasinikasirikie, na je, Mkunga akimweleza mdogo wake, ambaye ndiye atakayesaini fomu yangu ya kuthibitishwa kazini, si nimekwisha? Nimeandika rasimu tatu za barua hii, na hii ndiyo fupi. Tafadhali nijibu.

Ni mimi,
Karani Mwoga


JIBU LA MSHAURI
(Lilitumwa kwa mwandishi kwa njia ya haraka siku barua ilipopokelewa. Yote yanachapishwa sasa kwa ruhusa yake na ya Bibi mwenyewe.)

Karani,

Nianze na habari njema, kwa kuwa naona umeshajitisha vya kutosha. Nilipofika mwisho wa barua yako nilishusha pumzi. Hapa mezani pangu hufika barua ambazo nikizimaliza sina la kumwambia mtu isipokuwa pole. Yako siyo hiyo. Yako ina dawa, dawa yenyewe ni sentensi moja, na siku kumi na mbili ni nyingi mno kwa sentensi moja.

Sasa kaa vizuri nikuseme.

Kalamu ya kuandikia haiandikwi. Sahani ya kulia hailiwi. Na gauni la kukatia, binti yangu, halikatwi. Hilo analijua mtoto wa chekechea, na wewe unalijua, ila ulipoona mwandiko wa mtu mzima unatetemeka uliamini na kichwa chake kinatetemeka. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, kabla ya mkasi. Ulimkosoa mtu bila kumuuliza, ukaita adabu. Mtu aliyekufundisha wewe kushona ulimwona hajui jina la kitu chake. Tazama basi kilichotokea baadaye: ulichokifikiri wewe kimya kimya mbele ya kabati, kwamba bibi huyu anateleza, sasa kikundi kizima kinakifikiri, mtoto wake anakifikiri, na mbaya kuliko yote, yeye mwenyewe anakifikiri. Wewe ulikuwa wa kwanza tu.

Lakini hukufanya kwa ubaya, na gauni si mtu. Ungekuwa umelikata na kusema pale pale, leo mngekuwa mnataniwa wote wawili. Kwa hiyo la gauni nimelifunga. Usiniandikie tena habari za gauni, wala usiende wodini kuomba blanketi lifumuliwe, mtoto amelilalia, mwache alale.

Kinachoharibika ni kitu kingine. Kuna mwanamke wa miaka sabini na minne anayesoma kiganja chake ili ajue kama amezima jiko, ambalo amelizima. Kila siku unayonyamaza, unamfundisha kutojiamini, na ni mwanafunzi mzuri, naona anaelewa haraka. Hilo ndilo la kusimamisha, na ni leo.

Mpango wako wa kushona gauni la bandia na kulificha nyuma ya rafu nimeusoma nikasimama nikazunguka meza. Umesoma kweli wewe? Hebu ufuate mpaka mwisho. Unalificha, unaliona, watu wanapiga vigelegele, halafu? Halafu wote wanamgeukia Bibi na kusema, "Unaona? Lilikuwa hapo hapo muda wote na wewe hukuliona." Ungekuwa umemtia muhuri. Mtoto wake asingengoja Jumapili, angekuja na gari siku hiyo hiyo. Na barua isiyo na jina nayo, mtu gani katika chumba hicho ana mwandiko wa kitabu?

Unaniuliza maneno gani utumie ili wasikukasirikie. Hayapo. Watakukasirikia, na ni haki yao, na hasira ya watu wanaokupenda huwa ina mwisho. Tafuta maneno yatakayomrudishia Bibi akili yake, hayo ni machache sana.

Fanya hivi. Ukipata barua hii, ukitoka kazini usipite nyumbani kubadili viatu, nenda moja kwa moja kwake. Usibebe zawadi, atadhani umekuja kumsalimia na utapata mwanya wa kusalimia. Useme ukiwa bado mlangoni: gauni nililikata mimi, wewe hukulipoteza. Usianze na lebo, usianze na herufi, usianze na jinsi ulivyolelewa. Na nakuomba sana usitangulize machozi, kwa sababu bibi wa aina hiyo akiona mjukuu analia ataacha yake abembeleze yako, na wewe utaondoka umefarijiwa na yeye amebaki na kiganja chake. Lia njiani ukirudi.

Kisha, mbele yake, mpigie mtoto wake simu umwambie hayo hayo. Usimwachie Bibi kazi hiyo. Akisema mwenyewe, fundi umeme atadhani ni visingizio vya mzee.

Jumamosi useme kwenye kikundi, kwa sauti, mbele ya wale wale waliocheka, kwa kuwa walichekea mbele ya watu. Mkunga usimtafute pembeni kumlainisha.

Kuhusu kazi yako, siwezi kukuahidi kitu, mkuu wako simjui. Ninachojua ni kwamba mkuu wa masijala anamwogopa karani anayekosea jalada na kulificha, na anayekosea akalileta mezani anamkoromea tu. Akikufukuza kwa hili, niandikie, tutakaa tutafute kazi nyingine. Usipokwenda kwa Bibi, usiniandikie.

Na ufunguo mrudishie.

Mshauri wako


BARUA YA PILI

Mpendwa mshauri,

Nilikwenda siku hiyo hiyo, na viatu vya ofisini.

Bibi alifungua mlango nikasema kabla hajanikaribisha, "Bibi, gauni la kukatia nililikata mimi. Hukulipoteza." Alinitazama, akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Akauliza lini, nikasema siku aliyokwenda kliniki. Akauliza, "Lilikuwa wapi?"

"Rafu ya pili, kushoto."

"Sema tena."

"Rafu ya pili, kushoto, Bibi. Kama ulivyosema."

Alipiga kofi kwenye mlango mpaka jirani akachungulia dirishani. "Rafu ya pili, kushoto!" alimwambia jirani, ambaye hakuelewa chochote. "Sina wazimu! Mama wee, mimi sina wazimu!" Akakaa kwenye ngazi pale pale, goti na vyote, akacheka huku machozi yanamtoka, akalamba kidole gumba akaanza kufuta yale maandishi kiganjani. Sikulia, mshauri. Nilijitahidi kama ulivyosema.

Kisha akanisema. Alinisema robo saa nzima bila kunikaribisha ndani, na naamini mtaa mzima unajua sasa kwamba nimesoma mpaka nimepitiliza kituo. Kilichonichoma zaidi hakikuwa kelele. Alishusha sauti akauliza, "Kwa hiyo ulipoiona hiyo karatasi, ukaona bibi yako hajui kuandika?" Nikajibu, "Ndiyo." Akasema, "Basi angalau hujanidanganya mara ya pili. Ingia, goti linaniuma."

Nilimpigia mtoto wake simu. Alisikiliza, akauliza kama kuna mtu amenituma kusema hivyo, nikasema hapana, nikamweleza tena taratibu na tarehe zake. Bibi akaninyang'anya simu. "Umesikia? Haya, hiyo Jumapili njoo, lakini njoo kula, kisha urudi kwako. Na taa ya jikoni inapepesa, uje na vifaa." Sikusikia alijibu nini ila Bibi alikata simu akasema, "Anajifanya ana mafua. Analia huyo."

Jumamosi nilisimama mbele ya kikundi nikasema yote, na herufi ile nikaisema. Hakuna aliyecheka. Fundi wa vifungo aliinuka akaenda kukaa karibu na Bibi, akamwambia, "Bibi, ule utani wa miwani naufuta." Bibi akamjibu, "Miwani ilikuwa kichwani kweli, usifute, ila siku nyingine nicheke peke yako." Mkunga alinitazama kwa yale macho ambayo nadhani aliwatazamia kina baba waliozimia kwenye chumba cha kujifungulia, akasema tutaongea, na tukaongea, sitaandika hapa. Mdogo wake, mkuu wangu, aliniambia Jumatatu, "Jalada ulilipoteza, jalada umelileta. Rudi mezani kwako." Fomu bado hajasaini lakini amenipa barua nyingine za kusahihisha, na safari hii nikiwa na shaka nakwenda kumuuliza aliyeandika.

Lakini sikuandika barua hii kwa ajili ya hayo. Nataka kukuambia kilichofuata Jumamosi hiyo. Mkunga alisema, "Sawa, kweli tumeijua, lakini wodi inataka magauni kumi na mawili na sisi hatuna cha kukatia." Watu wakaanza kusema labda tutumie nakala, labda tuombe hospitali nyingine. Bibi Kabati, ambaye sasa ana ufunguo wake shingoni, akasema, "Nipeni gazeti."

Akalitandaza juu ya meza. Hakuchukua tepu. Alipima kwa shubiri, kisha kwa vidole viwili, akachora bega, akachora ubavu, akashuka mpaka pindo bila kuinua chaki, huku anaongea peke yake, "Hapa mpira unapita, hapa sindano, hapa nesi anashika." Mkono ulikuwa unatetemeka na mstari haukutetemeka, sijui niseme vipi, tuliona wote. Akakata. Mkunga akachukua gauni moja lililorudi kurekebishwa pindo, akalilaza juu ya ile karatasi. Gauni lilizidi pande zote kwa unene wa chaki, pande zote sawasawa, kama vile limechorwa kivuli. Bibi akalitazama lile gauni akasema, "Nakala imenenepa. Yangu ndiyo sawa."

Mshauri, nilitoka nje kwenye ukumbi wa maktaba nikalia pale nilipoona hakuna wa kunibembeleza.

Nina jambo moja la kukuomba radhi. Gazeti aliloletewa lilikuwa lenye ukurasa wako, na shingo ya gauni imepita katikati ya picha yako. Nilimwambia, "Bibi, huyo ndiye mshauri aliyenijibu." Akakuinua kwenye mwanga akakutazama vizuri, akasema, "Huyu? Basi tungeipanua shingo, kichwa chake kikubwa," kisha akasema nikusalimie sana.

Ni mimi,
Karani


JIBU FUPI

Karani,

Naona lile neno la pili la jina lako umeliacha. Usilirudie.

Mwambie Bibi salamu zimefika na kichwa changu ni kikubwa kweli, mama yangu mzazi alilalamika. Nimewatumia nakala sita nyingine za gazeti hilo, maana karatasi ya gazeti haidumu wiki mbili mikononi mwa washonaji. Tafuteni kadibodi ngumu, mwombeni aikate tena mara tatu: moja ya kabatini, moja ya Mkunga, moja ikakae wodini. Na wakati anakata, wewe vuta kiti, uweke kidole chako nyuma ya kidole chake, ujue kila kipimo kinaanzia wapi na kwa nini. Usiandike. Shika kwa mkono mpaka uweze kuikata yeye akiwa amekaa anakunywa chai yake na kukutania.

Magauni kumi na mawili, umesema? Acha kuniandikia, nenda kashone.